Yah: Konokono Kibogoyo

Karani wa masijala hakuwa mtu wa michezo. Miaka ishirini na sita amekaa nyuma ya dirisha lenye nondo, akitoa majalada na kupokea majalada, na ole wako urudishe jalada lililokunjwa pembe, utaondoka hapo na maneno ya kukutosha wiki nzima. Sasa mtu wa namna hiyo, ukiambiwa kwamba kwenye jukwaa la mtandaoni la wacheza gemu anaheshimiwa kama daktari bingwa, utacheka. Cheka tu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Gemu lenyewe ni la kukamata vidubwana. Unazunguka porini, unamkuta kidubwana kajificha kwenye majani, unapambana naye, unamkamata, unamlea mpaka abadilike umbo. Yametoka matoleo saba, na kila toleo na vidubwana wake. Kimashine cha kuchezea kilikuwa cha binti yake. Binti alipopata kazi ya kupima ardhi mji wa mbali, miaka minne iliyopita, alikiacha kwenye droo. Nyumba ikapoa. Karani alimkumbuka mwanawe mpaka chakula kikawa hakipiti kooni, ila kusema hivyo mbele ya mkewe, thubutu! Akakitoa kimashine, eti anakipangusa vumbi. Wiki iliyofuata alikuwa amekamata vidubwana kumi na wanane na kila mmoja kamfungulia jalada.

Ndiyo, jalada la karatasi ngumu, lenye namba, tarehe ya kukamatwa na muhuri. Jalada namba moja lilikuwa kuukuu kuliko yote. Hilo karani alilifungua wakati binti ana miaka saba, amelazwa hospitali na mguu umevunjika, meno ya mbele yameng'oka yote mawili. Siku hiyo baba na mwana walishika kimashine pamoja, wakamkamata konokono mmoja wa kijani, wa kawaida kabisa, na binti akampa jina Kibogoyo. Kesho yake baba akaja na jalada na muhuri ili mgonjwa acheke. Mgonjwa alicheka mpaka muuguzi akaja kugombeza.

Kwenye jukwaa, vijana walimwita Mzee wa Yah, kwa sababu hakujua kuandika ila barua ya kiofisi. Mtu akiuliza mbona kidubwana wake hamtii, karani alijibu: "YAH: KIDUBWANA MKAIDI. Rejea swali lako la jana. Kidubwana uliyempata kwa kubadilishana hatakutii mpaka upate beji ya nne. Hata wewe usingemtii bosi aliyehamia jana. Nakutakia utekelezaji mwema." Vijana walimpenda kupita kiasi.

Basi, msiba ulianza kwa huruma. Jumapili moja karani aliona Kibogoyo yuko peke yake kwenye banda la kwanza la kuhifadhia vidubwana, akamhamishia banda la pili akae na konokono wenzake, apate mazungumzo. Jambo jema, ila hakuliandika kwenye daftari lake la mabanda. Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, mabanda yakawa yamejaa, akaamua kuwaachia huru konokono wa ziada. Akafungua daftari, akasoma: banda la pili, mstari wa tatu, wote. Kimashine kikauliza kwa kila mmoja, "Una uhakika?" Mara sita kiliuliza, na mara sita karani alibonyeza ndiyo bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Masijala inaamini daftari, haiamini macho.

Jioni binti akapiga simu. "Baba, shikamoo. Jumamosi nakuja. Nimenunua toleo jipya, nataka kumhamishia Kibogoyo humo. Yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo, atakuwa wapi tena?" Akaenda kumtazama. Banda la pili, mstari wa tatu, ulikuwa mtupu.

Barua iliyokwenda jukwaani ilikuwa na kichwa hiki: "YAH: OMBI LA DHARURA LA KUREJESHEWA KONOKONO." Akaeleza yote, mpaka rangi ya gamba.

Wa kwanza kujibu ni anayejiita Chuma Chakavu. "Pole sana, Mzee wa Yah. Akishaachiwa ndiyo kwaheri."

Wa pili ni Malkia wa Mabanda, mwenye ushauri mwingi kuliko aibu. "Kamata konokono mwingine, mpe jina lilelile, mlee mpaka kiwango cha arobaini na nne kama yule. Ila tarehe ya kukamatwa haibadiliki, basi omba Mungu mwanao asifungue ukurasa wa taarifa."

Karani alishika kichwa. Yeye, ambaye aliwahi kumrudisha mkurugenzi mzima na suti yake kwa sababu ya tarehe iliyofutwafutwa, leo aghushi konokono! Lakini alipomfikiria binti akifungua banda na kukuta nafasi tupu, akapiga moyo konde. Jumanne akamkamata konokono wa kijani, kiwango cha sita.

Siku nne zile masijala iliendeshwa na shetani. "Mzee, naomba jalada la kiwanja changu," mtu anasema dirishani.

"Subiri, amebakiza pigo moja."

"Nani?"

"Konokono, bwana! Hebu kaa kwenye benchi."

Nyumbani mkewe alimtazama akivaa miwani juu ya sahani ya wali. "Wewe mwanamume, ungewalea wanao hivyo wangekuwa mawaziri." Karani akaendelea kubonyeza. Konokono alikuwa na sumu mwilini na dawa zimekwisha.

Jumamosi asubuhi kidubwana akafika arobaini na nne. Saa nne binti akaingia, mkoba begani na jua usoni, akasalimia, akamkumbatia mama, na hata chai hajagusa akaomba kimashine. Akafungua banda. "Kibogoyo wangu!" Halafu, jamani, mtoto aliyelelewa na karani ataacha kuangalia tarehe? Akafungua taarifa. Akasoma. Akasoma tena.

"Baba. Hapa pameandikwa alikamatwa Jumanne hii."

Karani alikuwa amejiandaa kusema kwamba mashine ina hitilafu. Akaghairi. Akatoa bahasha mfukoni, ambayo pia alikuwa ameiandaa, akampa kwa mikono miwili. Ndani yake: "YAH: KUOMBA RADHI. Mimi baba yako nilimwachia Kibogoyo kwa uzembe. Sina utetezi. Nilikuwa nacheza kwa sababu nilikuwa nakukumbuka." Sahihi, tarehe, muhuri.

Binti akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye yakawa si ya kicheko. "Baba, yule uliyemwachia hakuwa yule wa hospitali. Wa hospitali nilimwachia mwenyewe nikiwa na miaka tisa, nilibonyeza vibaya. Nikakamata mwingine kabla hujarudi kutoka kazini. Niliogopa kukwambia, maana ulikuwa umempigia muhuri."

Karani akalifungua jalada namba moja, akaitazama ile tarehe ya hospitali. Miaka minne amekuwa na kidubwana mkononi na jalada mezani, na hata siku moja hakulinganisha. Karani gani huyu! Aliona aibu, na chini ya aibu akaona furaha.

"Basi huyu ni wa tatu," alisema.

"Na huyu ndiye ninayemchukua. Umemlea wewe." Binti akatoa mashine yake mkobani, akaziunganisha mbili. Kioo kikaandika: Ukimhamisha hatarudi tena huku. Una uhakika?

Karani akakifunika kioo kwa kiganja. "Ngoja. Hakuna kitu kinachotoka masijala bila sahihi." Akalisogeza jalada mbele ya binti, upande wenye safu za jina la mchukuaji, sahihi, na tarehe ya kurudisha.

Binti akaandika jina, akatia sahihi. Kwenye safu ya mwisho kalamu ikasimama. "Lakini Baba, huyu hawezi kurudi."

"Konokono hawezi," karani alisema. "Mchukuaji anaweza."

Tangu aje mara ya mwisho ulikuwa umepita mwaka na miezi miwili. Binti akainama akaandika Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Baba yake akaisoma mara mbili, akaupulizia muhuri pumzi, akaugonga mpaka vikombe vikaruka mezani.

"Na akichelewa?" mama mtu aliuliza kutoka jikoni.

"Ataandikiwa barua."