Siku Waliponiletea Kiti cha Magurudumu

Wenzangu, chekeni tu, nimeshazoea, maana hata mke wangu Ndinda hajamaliza kicheko chake mpaka leo. Aibu ni yangu na nitaieleza mwenyewe: mimi Mutiso, fundi cherehani wa hapa Machakos mjini, niliwahi kuponywa ugonjwa ambao sikuwa nao, mchana kweupe, mbele ya umati, mama yangu mzazi akitazama.

Mambo yalianza na mgongo. Mtu ukishinda umeinamia cherehani kwenye veranda miaka nenda miaka rudi, mgongo lazima utanung'unika, basi nikaenda kwa Bi. Kamene, mama mmoja aliyestaafu kazi ya kufanyisha wagonjwa mazoezi hospitalini, nikitarajia dawa ya kuchua, naye akanipa fimbo mbili. Alikuwa amesomea Ufini zamani, na huko, alisema, watu wazima wenye akili zao hutembea na fimbo, moja kila mkono, si kwa kuziegemea, la, wanazisukuma nyuma ili mabega na mgongo navyo vifanye kazi. Zake zilikuwa za chuma chepesi. Za sisi wengine wa kundi lake la matembezi zilichongwa na mchonga vinyago mmoja jirani yetu, fundi wa viatu vya akala akazivisha mpira wa tairi kwenye ncha, na mimi nikashona kamba za kushikia.

Wiki ya kwanza niliona haya (watoto walitufuata wakituiga na mabua ya mahindi), lakini nawaambia, ukishaingia huwezi kutoka. Kila Jumamosi asubuhi tulipanda njia ya milima ya Iveti, jua au mvua. Februari tunarudi na vumbi hadi kwenye kope, Aprili matope yanavua mtu kiatu, Julai ukungu umeshuka humwoni wa mbele yako, unasikia tu fimbo zake zikigonga chini, ta, ta, ta, nawe unajua hauko peke yako. Nilipata marafiki katika umri ambao mtu hupata wateja tu. Mgongo ukanyamaza. Suruali zangu zote nilizipunguza kiuno.

Sasa, Jumamosi moja ya Novemba nikiwa nimechelewa, nawakimbilia wenzangu, nikakutana na Mzee Musau, jirani wa mama yangu kule Kangundo, ameleta ovakado sokoni. Akaziangalia fimbo zangu, akanitazama usoni.

"Mutiso, na hizi ni za nini?"

Jamani, kumweleza Mzee Musau habari ya Ufini kungechukua asubuhi nzima, na kundi lilikuwa linapotea kwenye kona. Nikaamua kujibu kwa ufupi.

"Zinanisaidia kutembea, mzee. Salimia Mwaitu!" (Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama.) Nikaenda zangu.

Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa. Lakini lilipopanda barabara ya Kangundo likaanza kunenepa. Musau alimwambia mkewe kwamba Mutiso siku hizi anatembelea mikongojo, mkewe akawaambia wanakwaya kwamba miguu ya Mutiso imekufa ganzi, na Jumapili baada ya misa mama yangu akashikwa mkono na mtu akimpa pole kwa mguu wa mwanawe uliokatwa. Mimi sikujua lolote. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa ndio zinaingia, na kwa Mwaitu haikuwa imefika hata moja.

Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha usiku, hewa tamu, na tulipofika juu Bi. Kamene akasema, "Leo tushuke kwa nguvu, nione nani amejifunza." Nikachomoka! Trakisuti ya bluu niliyojishonea, mikono inakwenda kama pistoni, nimewaacha wote nyuma, naimba. Nikakata kona, na mbele yangu nikaona akina mama wa kanisa wamevaa leso za kichwani, wanapanda polepole wakiimba, wanasukuma kiti cha magurudumu kitupu. Nikadhani wanamfuata mgonjwa wa watu, maskini, nikataka kusimama kwa heshima. Mpira wa fimbo ukateleza. Nilipita mbele yao nikiwa nimekaa, nikaingia mtaroni na matope yote yakanikubali.

"Ni yeye! Ni Mutiso! Miguu imemwacha!"

Kabla sijatema matope nilikuwa nimeinuliwa juu juu, nimewekwa kwenye kile kiti, nimefungwa leso kiunoni nisidondoke. Nafuta macho, nani huyu amesimama mbele yangu? Mwaitu. Mzee Musau kando yake ameshika kofia mkononi. Walikuwa wamepitia nyumbani kwangu, Ndinda hayupo, jirani akawaambia nimeondoka na fimbo zangu kuelekea mlimani, na mama yangu akafikiri najikokota porini peke yangu kwa huzuni.

"Mimi ni mzima!" nikasema.

"Amina!" wakajibu. "Kwa imani, wewe ni mzima!"

"Hapana, ni mzima kabisa, niacheni nisimame!"

Nikaifungua leso, nikasimama, nikapiga hatua. Kosa! Mama mmoja akapiga kigelegele, "Ametembea!", na wale wa vibanda vya barabarani, wauza mandazi, waendesha baiskeli, wote wakaja mbio. Mtu akapiga magoti kwenye maji. Mwingine akaniomba nimguse bega, linamsumbua tangu mavuno. Kundi langu likafika wakati huo, watu wazima na fimbo zao mbili mbili, na umati ukaona viwete zaidi wanashuka mlimani kuja kuponywa.

Ilibidi nipande juu ya jiwe. Nikidondosha matope nikatangaza kwamba sijawahi kuugua miguu, kwamba haya ni mazoezi. Kisha wakaanza kucheka, kibanda hadi kibanda, hata yule aliyepiga magoti.

Mwaitu hakucheka. Alinikaribia, akainama na umri wake wote, akapandisha suruali yangu, akaushika mguu mmoja kuanzia kifundoni hadi gotini, kisha wa pili, akibonyeza polepole kama vile mtu anavyokagua mtoto aliyeanguka kutoka mtini.

"Wiki nzima sijalala," akasema. "Nilikuwa najiuliza nitakubebaje. Ulikuwa mzito hata ukiwa mdogo."

Nilimwambia tu, "Nisamehe, Mwaitu," na hapo uchovu wote ukamshukia mama wa watu mara moja. Tukamkalisha kwenye kiti kile. Nikampa Bi. Kamene fimbo zangu, nikamsukuma mwenyewe hadi nyumbani, akina mama wakiimba, wenzangu wakigonga fimbo nyuma yetu, na mji wote wa Machakos umesimama milangoni unauliza ni nani amefariki. Karibu na sokoni nikahisi mkono wake umerudi nyuma, umeshika wangu, na mabega yake yanatikisika. Nikainama nione kama analia. Alikuwa anacheka.

"Na vile ulivyoingia mtaroni," akasema.

Niliapa siku hiyo kwamba habari yangu yoyote, ya mgongo, ya safari, hata ya mafua, nitaipeleka Kangundo mwenyewe, kwa miguu hii hii ikibidi. Nimejifunza kwamba habari ya mtoto, hata iwe ndogo vipi ikitoka mjini, haimfikii mama yake ikiwa ndogo.