Nilivyocheka mwenzangu aliposema "My father is very serious"

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, si stori ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Kipindi cha lockdown hapa Sydney nilikuwa napiga kazi warehouse moja Ingleburn, tunapakia sabuni na toilet paper. Mnakumbuka toilet paper zilivyogombaniwa.

Naishi Mount Druitt, kwa hiyo alfajiri niko barabarani, njia nyeupe haina magari, barua ya kazi iko kwenye dashboard polisi wakisimamisha.

Nilikuwa nimepewa u-team leader. Watu kumi na mmoja tu, lakini ukishavalishwa kile kizibao cha rangi tofauti kichwa kinavimba.

Kilichonipa cheo ni Kiingereza. Timu nzima tulikuwa wageni, ila mimi ndiye niliyekuwa nakwenda ofisini kumwaga ung'eng'e. Nilijimwambafai sana, siwafichi.

Kulikuwa na dada mmoja Mchina, nitamwita Lan. Mpole, mkono mwepesi, na ana daftari dogo mfukoni. Tea break anakuja na barakoa yake, anakaa mbali kidogo, ananiuliza neno.

Siku moja akaniuliza "serious" maana yake nini.

Sikumuuliza kalisikia wapi. Nikakunja uso kama mwalimu wa nidhamu, nikamwambia ni mtu asiyetaka mchezo. Nikamwandikia na mfano: My father is very serious.

Akashukuru. Nikajiona profesa.

Kama wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, akaja mbio kwenye line. Sheria ya pale simu zote zinakaa kwenye locker mpaka lunch, na ruhusa natoa mimi.

"Please, my phone," akaniambia. "My father is very serious."

Wakuu, nikacheka.

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Lan, all fathers are serious! Mine is from Tanga, he is worse!"

Vijana wakaangua kicheko.

Akatikisa kichwa. "No, no. Very serious. Today."

"Then call him at lunch and tell him to smile."

Akaniangalia. Halafu na yeye akacheka kidogo, kile kicheko cha kumheshimu bosi, akarudi kwenye katoni zake. Akafunga katoni masaa mawili.

Na mimi huyu huyu, mwezi wangu wa kwanza nchi hii, nilienda kwa daktari nikamwambia "my stomach is walking". Yule mama hakucheka. Aliniuliza polepole, akanionyesha kwa mikono, mpaka akaelewa naharisha.

Lunch ilipofika Lan alikimbilia locker. Mimi nikafungua wali wangu.

Nimekula vijiko vitatu hivi, akaja Mama Espérance, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima tunayemheshimu wote, mimi huniita Chef, yaani bosi. Hakukaa.

"Chef, baba ya Lan amekufa."

Nikaacha kutafuna.

"Alikuwa ku hôpital, corona. Kaka yake alikuwa anapiga simu, anataka kuiweka ku masikio ya mzee, binti aseme kwaheri. Amepiga, amepiga, Lan akapita pale ku locker akaisikia inalia. Na weye ulicheka."

Mipaka ilikuwa imefungwa. Hakuna ndege. Ile simu ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kumfikia baba yake, na nilikuwa nimeikalia mimi.

Nilimkuta Lan amekaa chini mbele ya locker, simu mapajani. Nikashindwa kumsogelea. Nikajifungia chooni kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Nilimweleza manager. Akasema nimefuata sheria, nisijali. Afadhali angenitukana.

Lan alirudi baada ya wiki moja. Nikamsubiri parking. Sentensi zote nzuri nilizopanga zikapotea, nikabaki na "I am sorry. I laughed."

Akanieleza taratibu. Kwao ni maneno mawili: moja la mtu asiye na mchezo, jingine la ugonjwa uliofika pabaya. Kamusi ya simu yake ilimpa "serious" kwa yote mawili. Hakujua kwamba kwa Kiingereza ugonjwa ndio unakuwa serious, mgonjwa unasema ni seriously ill.

Akamalizia: "You good teacher. My English bad."

Jamani. Mfiwa ndiye ananiomba radhi.

Nikamwambia hapana, Kiingereza chako hakina kosa. Ulikuja unakimbia, macho mekundu, ukasema "today". Mimi sikuuliza.

Akaitikia kwa kichwa, akaingia kwenye gari lake.

Tulifanya kazi pamoja miezi mingine minne. Kila asubuhi alinisalimia vizuri. Ila hakuniuliza neno tena, hata moja. Halafu akahama kazi.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtu akija kwako na maneno matatu ya kuungaunga, usisahihishe, usitanie. Muulize, "What happened?" Inachukua sekunde mbili. Mimi sekunde hizo nilimnyima.

Wadau mlioko ughaibuni, na hata wa nyumbani mnaofanya kazi na wageni, semeni na mimi. Nipigeni mawe pia, nitasoma yote. Ila mwenye kujua anisaidie hili: namba ya Lan bado ninayo. Nimtafute, au nimwache apumzike, asinisikie tena?