Tuliikimbia harufu kutoka Mbagala mpaka Mbweni, kumbe tumeibeba mgongoni

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta kisa kilichonikuta nyumbani kwangu Mbagala. Sijaongeza chumvi, maana chumvi ilishazidi yenyewe. Mpaka sasa naandika huku nacheka, ingawa katikati kuna mahali sikucheka kabisa.

Nina binti mmoja, Nasra, bado hajaanza shule. Siku hiyo natoka kazini nikapita kituo cha Rangi Tatu, nikakuta machinga kamwaga midoli kwenye turubai. Nikachagua mkubwa, wa plastiki laini, mashavu mekundu, nywele za njano.

Nasra alivyouona alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa, mdoli ulikuwa unanuka. Nilisikia tangu nafungua nailoni: petroli imechanganyika na viatu vipya. Lakini si mnatujua? Sie kitu kikinuka hivyo tunasema ndiyo upya wenyewe. Kuna watu wana masofa ya siku nyingi na nailoni hawajatoa, eti upya usiishe. Nami nikavuta pumzi ndefu, nikasema hii mali safi.

Binti akaomba kanga ya mama yake, akambeba "mtoto" wake mgongoni. Anakula naye, analala naye, pua imezama kwenye zile nywele.

Haukupita muda akaanza kukohoa. Macho mekundu, kichwa kinauma, chakula anasukuma. Zahanati wakampima, wakasema kifua kiko safi, huenda kuna kitu nyumbani kinamsumbua, tukaangalie.

Hapo mie na mke wangu tukageuka mbwa wa polisi.

Yeye akasema gesi inavuja. Tukatoa mtungi nje, tukapaka povu la sabuni kwenye mpira, hakuna hata kiputo. Mie nikasema panya kafia darini. Nikapanda, nikashuka na utando wa buibui kichwani na soksi yangu iliyopotea zamani. Panya mwenyewe nilimkuta mzima wa afya, alinikimbia.

Mke wangu ni mtu wa Lindi, harufu ikimshinda dawa yake ni udi. Akawasha chetezo, akafunga madirisha ili udi ukolee, akafukiza vyumba vyote. Wakuu, udi juu ya ile harufu! Sebule ilinukia kama harusi inayofungwa gereji.

Ndipo Nasra akakohoa mpaka akatapika. Nilimshika, mbavu zake zinapanda na kushuka mikononi mwangu, nikaogopa kweli kweli. Nilihisi mwanangu ananiponyoka na sijui adui ni nani.

Tukaamua tuihame nyumba kwanza. Dada yangu Zuhura kajenga Mbweni, nyumba mpya, upepo wa bahari wa bure. Tukafunga vifurushi tukaenda, Nasra na mtoto wake mgongoni.

Hata chai hatujamaliza, sebule ikaanza. Harufu ile ile!

Dada Zuhura anajivunia nyumba yake kuliko kitu chochote. Akaona haya kabla hatujasema neno, akawa anakimbia kufungua madirisha.

"Jamani nisameheni, ni hii rangi. Fundi aliniapia hainuki, mjinga yule!"

Akampigia simu fundi, akamfokea mbele yetu. Mie nimeinamia kikombe, najiuliza hii harufu imepandaje gari.

Nasra akainama kuokota biskuti karibu na shangazi yake, kichwa cha mdoli kikamfika shangazi puani. Zuhura akageuza uso, simu bado iko sikioni. Akanusa. Akanusa tena.

"We kaka! Hebu njoo umnuse mjukuu wako!"

Tulicheka mpaka mke wangu akakaa sakafuni. Fundi wa watu bado yuko hewani, anaomba radhi kwa rangi isiyo na kosa.

Mdoli ukalala nje. Nasra alilia, akapewa mwiko aufunge kanga, akatulia. Asubuhi alikula maandazi akaomba mengine, na kikohozi kikawa kinakatika. Nilimwangalia anavyotafuna, machozi yakanitoka, nikasingizia chai ya moto.

Dada alikataa katakata ule mdoli ubaki kwake, nikarudi nao nikautia pipani. Nilisahau kwamba mtaani kwetu kitu kizima hakitupwi. Jioni jirani yetu mama Kelvin akabisha hodi, mdoli umeoshwa na kusukwa mabutu. "Baba Nasra, mmeutupa kwa bahati mbaya." Nikamshukuru, ningefanyaje? Nikampa mzoa taka mkononi. Kesho yake huyo karudi nao: "Bosi, hiki kizima, mtoto atalia."

Nikasema basi, naukata vipande asije mtoto mwingine akaulalia. Nikaenda uani na panga.

Sasa vuta picha: mtu mzima, mchana kweupe, anakata kichwa cha mdoli uliosukwa mabutu. Mara uani kumejaa watu, wananong'ona ushirikina. Mjumbe wetu wa mtaa akaitwa, mzee wa heshima zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baba Nasra, hayo unamfanyia nani?"

Sikujitetea. Nilimpa kile kichwa anuse. Mzee alipiga chafya mpaka kofia ikadondoka. Nikawaeleza wote yaliyompata Nasra. Mjumbe akafuta macho, akawageukia akina mama: "Kila mtu akalete vya kuchezea vya wanawe."

Mngeuona mtaa wakuu! Watu wamekaa mkekani wananusa vigari, mipira, bata wa kuogea. Kicheko tupu, mtu ananusa anampasia mwenzake, "na wewe onja hii!" Vingi havikuwa na neno.

Mama Kelvin alikuwa anacheka kuliko wote mpaka zamu ya dubu wa mwanawe ilipofika. Alinusa, kicheko kikakatika.

"Na mie namnyweshaga dawa ya kikohozi kila leo," akasema.

Nilichojifunza ni hiki. Pua umepewa bure, itumie kabla hujalipa. Kitu cha mtoto kikinuka kemikali, kiache hapo hapo kwa muuzaji, na kama umeshakinunua usikifunike kwa udi. Ukikitupa, kiharibu kwanza, maana kuna jirani mwenye roho nzuri.

Nawakaribisha mchangie, mnicheke mtakavyo. Ila kabla hujaandika chochote, nenda kanuse anacholala nacho mwanao.