Matanga ya Kunong'ona

Hapa Hagsätra, mtaa wetu wa ughaibuni, mtu akifiwa, anaitwa Mama Hortense kabla ya kuitwa mchungaji. Ni mwanamke wa Uvira, anasafisha ofisi kule Kista, na ana sauti. Yeye ndiye anayeanzisha kilio, sisi tunapokea. Mama yangu alipofariki kule Bukavu mwaka jana, Hortense alikaa nami siku tisa katika ukumbi ulio chini ya jengo letu. Tukapika, tukalia, tukaimba, sikuachwa peke yangu hata saa moja.

Siku hizo tisa barua ya manispaa ilikuwa ndani ya mkoba wake. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na manispaa ilitaka kujua kama tunapinga ukumbi kufungwa. Lakini kwetu mtu aliye matangani hafungui barua za shughuli. Alipoifungua, muda wa kujibu ulikuwa umepita kwa siku mbili. Aliwapigia simu mbele yangu. Mhudumu akamweleza kwa upole kwamba kikundi kisichojibu kinahesabiwa kuwa hakina pingamizi. Upole huo ulinichoma kuliko tusi.

Ukumbi ukafungwa mwezi wa pili. Mwezi wa nne mume wake, papa Norbert, akaanguka jikoni na hakuamka tena.

Mazishi, tukaambiwa, ni baada ya wiki tatu. Wiki tatu za kukaa wapi? Hortense ana chumba kimoja na sebule ndogo. Jirani wa chini alishalalamika mara mbili juu ya kelele, na kampuni ya nyumba imeandika kwamba lalamiko la tatu litamtoa. Kwa hiyo tunaenda wawili wawili, tunavua viatu, tunanong'ona. Matanga gani haya? Nina hasira.

Jana ilikuwa zamu yangu. Binti yake, Christelle, alileta koti la marehemu kutoka hospitali, ndani ya mfuko wa karatasi. Hortense akalitoa, akalinusa. Nikaona kifua chake kinajaa, nikajua kinachokuja.

"Colombe," akasema, "acha nimulilie bwana yangu. Mara moja tu."

"Yaya, dada mukubwa, batakufukuza mu nyumba."

Akafungua kinywa. Nikamrukia, nikamziba kwa kiganja changu, nikakandamiza mpaka sauti ikarudi ndani. Nilisikia meno yake mkononi. Huyu aliyenililia mama yangu siku tisa.