Ngome Iliyosagwa

Kijijini kwetu, kati ya Segese na Bugarama, kulikuwa na ngome ya mawe ya watemi wa zamani. Ilikuwa na kuta nene, lango, na vyumba viwili vyenye bati chakavu ambamo mbuzi walijikinga na mvua. Watemi walishavuliwa madaraka siku nyingi, wajukuu zao wakatawanyika, ikabaki desturi moja: ukifika langoni, vua viatu.

Mama yangu ndiye aliyeigeuza kuwa shule ya chekechea. Shule ya msingi ya serikali iko ng'ambo ya barabara ya malori, na ile ya kulipia, yenye basi la njano, si ya akina sisi. Mtoto wa jirani alipogongwa akivuka, mama alisema wadogo hawatavuka tena. Akafagia kinyesi cha mbuzi, akasiliba ukuta mmoja, akaupaka masizi uwe ubao. Kila asubuhi kandambili zilijaa langoni. Nami nikienda kuuza vitenge gulioni, niliwasikia ndani wakiimba irabu kwa kelele za kumwamsha mtemi mwenyewe. Nilijivuna, sifichi.

Siku moja jirani mwingine, mwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, aliokota jiwe lililodondoka kwenye ukuta wa ngome. Akalisaga, akaosha unga wake kwenye karai. Dhahabu ikang'aa. Huku kwetu habari ya dhahabu haihitaji mpiga mbiu. Kabla ya mchana wazazi walishafika na nyundo na mitaimbo, wazazi walewale waliokuwa wakimletea mama viazi kwa shukrani.

Mama alisimama langoni. "Hii ni shule ya watoto wenu," aliwaambia.

"Mayu," jirani akamjibu, maana kwa Kisukuma mama ni mayu, "watoto hawali irabu. Tukipata mali tutakujengea ya ghorofa."

Wakacheka, wakaingia na viatu vyao.

Nilipotoka gulioni jioni nilimkuta mama njiani, na wanafunzi wake, kila mmoja na jiwe kichwani, wakielekea kwenye karasha. Walifurahi kama siku ya sikukuu.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, wanangu," mama aliitikia, akisogea pembeni ili wapite.

Mimi nilitukana. Niliwatukana watu wazima hadharani, matusi ambayo hata sikujua kwamba nayajua, mpaka mama akaniambia ninyamaze mbele ya watoto.

Wiki haikuisha, ngome ikawa imekwisha. Makarai yalioshwa na kuoshwa tena, wala hakuna aliyepata hata chembe. Ndipo mwenye karasha alipokumbuka kwamba kabla ya lile jiwe la kwanza alikuwa amemsagia mteja mzigo wa mawe ya dhahabu kutoka mashimoni, na hakuisafisha mashine. Huku kila mtu anajua kwamba karasha chafu hukuonyesha dhahabu ya mwenzio. Anayesaga jiwe la majaribio husafisha kwanza. Wote walilijua hilo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuiona karasha.

Watoto wakarudi kuvuka barabara ya malori. Baada ya muda wazazi walikuja uani kwetu, wameinamisha nyuso kama walioiba kuku. Mwenye karasha ndiye aliyesema.

"Mayu, banda langu la karasha lina kivuli. Wafundishie humo, tunakuomba."

Nilitamani awafukuze. Walistahili.

"Nitakuja," mama alisema. "Ila safari hii, safisha kwanza."

Hakuna aliyecheka. Kesho yake alikwenda, na mpaka leo anafundisha humo, vumbi la mawe likiwakohoza watoto na yeye mwenyewe. Anasema amewasamehe. Mimi nikikutana nao gulioni nawauzia vitenge, lakini shikamoo yangu hawaipati.