Ndoo ya Maji ya Sefu

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka, hata shule sijaanza, mjomba alinichukua kwenda Magindu kununua ndama. Wakati wa kurudi ndama akagoma, akalala katikati ya njia kama mtu mzima aliyesusa chakula. Mjomba hakumpiga. Alichota maji, akamwekea mbele, akakaa pembeni kuvuta sigara yake. Ndama akanywa, akainuka mwenyewe. Tangu hapo nikimwona kiumbe kachoka, mkono wangu unatafuta ndoo.

Ndiyo maana nilipokuwa kijana, shule imenishinda darasa la kwanza, nikapata kazi ya kufyeka uwanja wa chuo kimoja cha ualimu Kibaha, nilijipa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyenituma: kumwekea maji Sefu.

Sefu alikuwa mwanafunzi pale, tena golikipa wetu. Mtoto wa Kisarawe, Mzaramo kama mimi. Zama zile za Ujamaa wanachuo walikuwa wakitoka shambani na majembe, wakifika uwanjani wanayatupa huko, mpira unaanza. Ukiisha, Sefu ananawa kwenye ndoo yangu, kisha ananifundisha kuandika jina langu kwa kidole, kwenye mchanga wa golini. Kondo. Ile "K" ilinisumbua, we acha tu. Hadi leo nikiona mchanga mkavu, kidole kinawasha.

Basi wakaja wenzetu wa chuo cha Kisarawe, wamejaa kwenye lori, wanaimba tangu mtaa wa Kwa Mathias: "Kibaha, sanda mnazo?" Maana desturi ilikuwa hiyo, aliyefungwa huzikwa. Washindi huvika mgomba nguo, wakaulilia kama maiti. Utani wa mpira, watu wanacheka, wanakwenda kula.

Siku hiyo mvua ilinyesha. Mpira ukiwa karibu kwisha, shuti jepesi tu likamponyoka Sefu mikononi, likaingia. Tukafungwa.

Wageni hata mgomba hawajakata, wenzake wa chuo chetu wakawatangulia. Sefu alikuwa kavua jezi aikamue. Wakamnyang'anya, wakaivika mgomba, wakaubeba.

"Marehemu Sefu! Kawauzia mechi ndugu zake wa Kisarawe!"

Bi Mwasiti, mpishi wa chuo, alisikia vilio akatoka jikoni mbio, kanga kajifunga kiunoni, machozi tayari.

"Nani kafa? Jamani, nani?"

"Sefu, bibi! Mtazame yule, kasimama na uhai wa mkopo!"

Bibi akautazama mgomba, akamtazama Sefu kifua wazi kwenye mvua.

"Katika nyie mliobeba, nani mtani wake?"

Masanja, mwanachuo Msukuma, akajibu kutoka nyuma: "Mtani wake mimi, bibi. Na mimi sikubeba."

"Basi nyie wengine si watani. Nyie ndugu zake, mnamzika kweli."

Wakautua. Mmoja akamnyooshea jezi: "Sefu, bwana, tulikuwa tunatania." Hakuipokea.

Mwanangu, nikuambie kabla sijafika mwisho, kwa sababu nikifika sauti hunipotea. Utani una wenyewe. Mtani akikuzika unacheka, kwa kuwa unajua kesho atakuja kula kwako. Lakini mwenzako wa timu moja, wa bweni moja, siku aliyoteleza usiwe wa kwanza kumbeba. Muulize kwanza kama kaumia. Mpe maji. Maneno ya kumchoma ngoja wageni wayaseme, wao wana lori la kuondokea. Mungu akupe wenzio wa kukusubiri ukiteleza, na akupe moyo wa kuwasubiri wao.

Nilimwita. "Sefu, maji yako haya."

"Yaweke hapo, Kondo. Naja."

Akapita nyuma ya goli, akashika kinjia cha kuelekea Kisarawe, kifua wazi, polepole, kama mtu anayekwenda kufuata mpira uliotoka nje. Mimi nikasimama na ndoo. Mvua ikaijaza, ikamwagika, na yeye hakurudi tena chuoni.