Mwekezaji na Kichwa cha Mwalimu Mkuu

Mjomba wangu kinyozi alichukia kamari kuliko chawa. Alipogundua kwamba shemeji yake, kaka wa mkewe, anabeti mechi za mpira kwenye simu, alimfukuza mchana kweupe. "Mcheza kamari halali chini ya paa langu!" Mkewe alilia, na tangu siku hiyo akawa anampakulia chakula bila kumwangalia usoni.

Halafu Mjomba akanunua hisa. Alinunua za kampuni moja kwa sababu mteja mmoja mwenye viatu vizuri aliisifia. Simu aliisimamisha mbele ya kioo ili aone bei huku akinyoa, na wateja wakajifunza kuuliza kabla ya kukaa, "Leo zimeamkaje?" Zikipanda, unakandwa shingo bure. Zikishuka, heri urudi na nywele zako.

Mwalimu mkuu hakuuliza. Alikaa, akafungwa kitambaa, akafumba macho. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu bei ilipoanza kuporomoka.

"Twende, mama, twende! Usishuke! Jamani, usishuke!" Mjomba aliihimiza simu.

Mkono wenye mashine ya kunyolea ukaufuata moyo. Mwalimu mkuu alipofumbua macho alikuta barabara imepita katikati ya kichwa chake, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na kesho yake ana mkutano wa wazazi.

Hakugombana. Aliinuka na kitambaa chake shingoni, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mjomba, nyumba ya pili kutoka pale. Mjomba akamfuata mbio, mashine mkononi. Mimi nyuma yao; nisingeikosa hiyo.

"Mama," mwalimu mkuu alimwambia mke wa Mjomba, "mumeo anacheza kamari."

"Kamari? Mimi ni mwekezaji!" Mjomba alifoka. "Kuna chati! Kuna hesabu!"

"Hata kaka yangu ana hesabu," mkewe akasema taratibu. "Anajua mpaka goti la kipa linalouma. Hiyo kampuni yako inatengeneza nini?"

Wapo watu wanaonunua hisa kwa akili, wanaoichunguza kampuni kwanza, kisha wakasubiri miaka. Mjomba si mmoja wao. Kusema kweli nilimwonea huruma.

"Inafanya vizuri," alisema.

"Nimeuliza inatengeneza nini."

Mwalimu mkuu naye akainamisha kile kichwa chake ili asikie jibu. Mke wa Mjomba akaingia ndani, akarudi na shuka na mswaki, akamkabidhi mumewe.

"Sheria ya nyumba uliitunga mwenyewe," akasema, akafunga mlango.

Mjomba hakuwa na pa kwenda ila kwa shemeji yake, kwenye kichumba nyuma ya gereji. Shemeji hakumcheka. Alimsogezea nusu ya kitanda, akampiga-piga begani.

"Usijali, shemeji. Hata mimi mwanzoni nilikuwa nasema ni biashara."